Wiski ya Mzee Mogaka

Mzee Mogaka hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na hakupenda watu wasahau jambo hilo. Kwenye harusi za Wakenya na Watanzania wa Garland na Carrollton, pembeni mwa Dallas, Texas, alipita meza kwa meza kabla ya chakula, akiinua chupa za soda na kuzinusa, kama bwana afya aliyetumwa kukagua bucha. Mara moja, kwenye mahafali ya mtoto wa Edson, alinusa glasi ya juisi ya zabibu, akakunja uso, akamwambia mwenye sherehe mbele ya wageni wote, "Edson, juisi hii imezeeka sana." Edson alikuwa Mtanzania mnene mwenye sauti ya radi. Yeye alicheka. Mkewe hakumsemesha Mogaka mpaka Pasaka.

Ni Mogaka pia, akiwa mzee wa kanisa, aliyeleta ile sheria: mshirika yeyote atakayeonekana akiuza, akibeba au akimgawia mwenzake pombe, atavuliwa cheo chake kwa nusu mwaka, bila kujieleza. Mchungaji Modestus aliomba maneno "bila kujieleza" yaondolewe. Mogaka alikataa.

"Mchungaji," alisema, "mlevi ukimpa nafasi ya kujieleza, mtakesha."

Mwaka huo jengo la kanisa lilitimiza miaka mia. Si wao waliolijenga. Walilinunua kutoka kwa wazee wachache wa kizungu waliobaki pale baada ya watoto wao kuhamia mbali, na jiwe lenye majina ya waasisi lilikuwa bado ukutani karibu na mlango. Mchungaji alitaka sherehe, na alitaka majirani waalikwe, hasa wale wazee. Tatizo lilikuwa igizo. Kila sherehe vijana walicheza habari za mwana mpotevu, na kila mara mwana mpotevu alirudi kwa baba yake akiwa na jinzi ileile iliyochanika magotini. Safari hii Mchungaji alimwomba Jackie, binti wa Mogaka aliyekuwa akisoma historia chuoni, aandike kitu kuhusu zama jengo lilipojengwa.

Jackie alizama maktaba, na jioni moja akawaeleza wazazi wake mezani alichokikuta.

"Dad, unajua wakati ule pombe ilipigwa marufuku Amerika nzima?"

Mogaka aliacha tonge la ugali hewani. "Nchi nzima?"

"Nchi nzima. Zaidi ya miaka kumi."

"Kwa hivyo hii nchi iliwahi kuwa na akili! Nani aliiharibu?"

"Haikufanya kazi, Dad. Watu walikunywa kwa kujificha. Wengine waliuza kwenye mikebe ya maziwa. Mpaka polisi na mahakimu walikuwa wateja." Jackie alikuwa amewaka. "Na haikuwa pombe tu. Watu waligombana juu ya kila kitu. Wasichana walikata nywele na kuvaa sketi za magotini, wahubiri wakasema dunia inaisha. Mwalimu alipelekwa kortini kwa kufundisha kwamba binadamu alitokana na nyani. Ku Klux Klan, wale wazungu wabaguzi wa mashuka meupe, walikuwa wengi hapa Dallas, wakipita barabarani mchana, watu wakiwapigia makofi. Na bunge likapitisha sheria ya kuwazuia wageni, eti Waitaliano na Wayahudi na wengine wanaiharibu nchi."

"Wazungu wakizuiwa na wazungu wenzao?" aliuliza Lydiah, mke wa Mogaka, aliyekuwa bado na sare ya uuguzi.

"Walisema si wazungu wa kutosha, Mum."

Lydiah alicheka mpaka akapaliwa.

Mogaka hakucheka. Alikuwa tayari amejiona jukwaani, Biblia mkononi, akiwakemea walevi wa Texas. Lakini siku Jackie alipogawa nafasi, mhubiri alikuwa Edson.

"Edson!" alisema Mogaka kwenye gari wakirudi nyumbani. "Yule mtu ana kitambi cha bia, Jackie. Kila mtu anajua kilivyojengwa."

"Ndio maana, Dad. Wewe ukiwakemea walevi, hiyo si acting. Hiyo ni Jumapili ya kawaida."

"Na mimi nitakuwa nani?"

Jackie alitazama nje ya dirisha. "Muuza wiski ya magendo."

Mogaka alikaribia kupitiliza njia ya kutokea barabara kuu. Alisema hapana, akasema tena hapana kwa Kikisii, ambacho Jackie hakukisikia vizuri lakini alikielewa. Ni Lydiah aliyemlainisha. Yeye mwenyewe alikuwa amepewa nafasi ya mke wa huyo muuza magendo.

"Baba Jackie," alisema, "Mzee Wanjohi ameigiza Yuda Pasaka tatu. Na bado ndiye mweka hazina wa kanisa."

Kesho yake Mogaka alimwomba Jackie maneno yake.

Jackie aliwaapisha waigizaji wote wasiseme neno kwa mtu mpaka siku yenyewe. Alitaka watazamaji washangae. Kisha mazoezi yakaanza, na Mogaka akaonekana hafai kabisa. Alisema, "Karibu ununue wiski," kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza mikutano ya akina baba. Gaudence, kijana wa Bukoba aliyeigiza mteja wake, alikuwa akikohoa ili asicheke.

"Dad, huyu mtu anaogopa polisi. Anapenda wateja wake. Anafurahia kazi yake," alisema Jackie. "Zoea kwanza. Shika chupa, tembea nazo."

Basi Mogaka akaanza kujizoeza gerejini kwake. Lydiah alimchemshia birika kubwa la chai ya rangi, akaipondea tangawizi nyingi kama anavyopenda mwenyewe, akaipoza, wakaijaza kwenye chupa za kioo za jamu. Kwenye mwanga wa gereji ilikuwa na rangi ya wiski hasa. Mogaka alinunua kofia ya ukingo, akavuta suruali kwa kanda za mabegani, na siku ya tatu jambo la ajabu likamtokea: alianza kufurahia. Alijikuta akikonyeza jicho. Alijikuta akiongea chini kwa chini, akitazama huku na huku, na kumshika mteja kiwiko. Kazini kwake, kwenye ghala ambako alikuwa msimamizi, vijana walishangaa kumsikia akipiga mluzi.

Jumamosi alasiri, Chebet, mwimbaji wa kwaya aliyekaa mtaa wa pili, alikuja kurudisha sufuria ya Lydiah. Mlango wa gereji ulikuwa umeinuliwa nusu. Chebet aliinama kuita hodi, na neno likamfia mdomoni. Ndani alimwona mzee wa kanisa, kofia imelala upande, akimimina kitu cha kahawia kwenye chupa na kumkabidhi Gaudence.

"Onja kwanza," mzee alisema. "Hii niliipika mwenyewe. Ficha ndani ya koti, upitie nyuma. Na polisi wakikuuliza?"

"Sikujui," alisema Gaudence.

"Mkeo akikuuliza?"

"Nilikuwa kanisani."

"Mtoto mzuri," alisema Mogaka, akamkonyeza.

Chebet hakuwa mmbeya. Aliamini hivyo kwa dhati. Ndiyo maana alipotuma video aliyoipiga kwa simu pale mlangoni kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kwaya, hakuandika maneno mabaya hata moja. Aliandika tu, "Mabibi, tumwombee mzee wetu. Vita hivi si vya damu na nyama."

Kufikia jioni ilikuwa imeombewa mpaka Houston. Mdogo wake Mogaka, aliyekaa Katy, karibu na Houston, na ambaye kwa kawaida hupiga simu Krismasi tu, alipiga.

"Kaka, mambo ni sawa?"

"Sawa kabisa."

"Kama mna shida kwa nyumba, njoo Katy upumzike. Tuna chumba. Hakuna mtu atakuuliza kitu."

Mogaka alimshukuru, akashangaa upendo ule umetoka wapi.

Wiki hiyo washirika walimsalimu kwa ncha za vidole tu. Lakini si wote walioamua kumwombea. Alhamisi baada ya kazi alikuja Mzee Wanjohi, mweka hazina, Yuda wa Pasaka tatu. Aliegesha gari mbali, akaja kwa miguu, jambo ambalo hakuna mtu hufanya Garland wakati wa joto. Akasimama mlangoni mwa gereji akijifuta jasho.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "nasikia mzigo umefika."

Mogaka alifurahi. Alijua mara moja kwamba Jackie ameongeza mteja mwingine kwenye igizo na kumtuma aje kujizoeza, na tena huyu ameshika maneno vizuri kuliko Gaudence. Akavuta kofia chini.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Nimekuja mwenyewe."

"Polisi wakikuuliza?"

"Polisi?" Wanjohi aligeuka kutazama barabara. "Mimi sikujui, Mzee. Haki ya Mungu sikujui."

Namna sauti yake ilivyotetemeka! Mogaka alisisimka. Kumbe kanisa lina vipaji hivi. Akamkabidhi chupa mbili. Wanjohi hakuwa na koti, akazisukuma ndani ya shati, zikamfanya tumbo la pembe nne.

"Na nalipa namna gani?"

Hilo halikuwemo kwenye igizo. Mogaka alifikiri kidogo, kisha akatoa jibu ambalo baadaye alijivunia. "Ya kwanza ni bure," alisema. "Utarudi tu."

Wanjohi aliondoka kama mtu aliyebeba mayai. Kesho yake walikuja wengine wawili, mmoja wa kwaya ya akina baba, mmoja ambaye Mogaka hakuwa hata amejua kwamba anajua nyumba yake. Nao walishika maneno vizuri sana.

Jumapili baada ya ibada, Mchungaji Modestus alimwita Mogaka ofisini. Alikuwa Mtanzania mpole aliyezoea kuvua miwani kila jambo linapokuwa gumu, na Mogaka alipoingia miwani ilikuwa tayari mezani. Wanjohi alikuwepo kama mjumbe wa kamati ya nidhamu. Chebet alikaa pembeni, kitambaa machoni, simu mapajani.

Walimwonyesha video. Mogaka aliitazama mpaka mwisho, akaona kule kukonyeza kwake, na kwa muda mfupi aliwaza kwamba kofia ilimkaa vizuri. Kisha akaelewa yuko wapi.

"Ni igizo!" alisema. "Ni igizo la Jackie! Mimi ndiye muuza magendo!"

Chebet alilia kwa sauti.

"Ndugu yangu," alisema Mchungaji, "igizo lipo, nalijua, mimi ndiye niliyeliomba. Lakini wewe? Nilidhani wewe ndiye unayeigiza mhubiri."

"Mzee Mogaka aigize mtu wa pombe?" alisema Wanjohi. "Mtoto wa Sunday school hawezi kukubali hiyo."

Hapo ndipo sifa njema za miaka mingi zilipomponza. Kama angekuwa Edson, wangeamini mara moja. Mogaka aliomba apigiwe huyohuyo Edson athibitishe. Mchungaji akapiga, akaweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

"Kaka Edson, tuna swali dogo. Je, Mzee Mogaka anaigiza kwenye igizo la Jackie?"

Halafu ile sauti ya radi: "Mchungaji, mimi niliapa mbele za Mungu kutosema lolote kuhusu igizo."

"Edson!" alipaza Mogaka. "Nakuruhusu! Sema!"

"Si wewe uliyeniapisha, mzee wangu. Ni binti yako." Ilisikika kama mtu anayeuma leso ili asicheke. "Kwani pana tatizo? Juisi imezeeka?"

Simu ikakatika. Jackie hakupatikana, alikuwa maktaba akijiandaa kwa mtihani, simu imezimwa. Lydiah alikuwa zamu hospitalini. Mogaka alitazama dari, kisha akajaribu mara ya mwisho.

"Ile ni chai ya rangi. Nawaambia ukweli. Ni chai ya Mama Jackie."

"Chai!" Wanjohi alipiga meza. "Chai gani inachoma koo namna ile?"

Chebet aliacha kulia.

Mchungaji alivaa miwani. "Mzee Wanjohi," alisema polepole, "umejuaje kwamba inachoma?"

"Nilikuwa nafanya uchunguzi," alisema Wanjohi. "Kwa niaba ya kamati."

"Ulichunguza kiasi gani?"

"Chupa zote mbili."

"Na ulionaje?"

"Mchungaji, ilikuwa kali. Nilihisi kichwa kizito. Hata niliimba kidogo."

"Ni tangawizi," alisema Mogaka kwa upole, maana alianza kumwonea huruma. "Huwa anaiponda nyingi."

Chebet ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia kwa kitambaa, kicheko kikatoka puani, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia isipokuwa Wanjohi, aliyekuwa akitafakari. Ghafla uso wake ukang'aa.

"Basi mimi sina kosa!" alisema. "Nimekunywa chai! Kuna dhambi gani kunywa chai?"

"Lakini moyoni ulikunywa wiski," alisema Chebet.

"Moyo hauna koo, dada."

"Na mimi je?" aliuliza Mogaka. "Mimi nimegawa chai, nikijua ni chai."

Mchungaji alivua miwani tena. "Ndugu yangu, sheria inasema 'atakayeonekana'. Wewe umeonekana. Umeonekana mpaka Katy. Na inasema 'bila kujieleza', nawe unajieleza tangu umeingia." Aliyasema bila ukali, na ndiyo maana yalimchoma Mogaka zaidi. "Tuyaache haya mpaka sherehe ipite. Chebet, kwa kuwa sasa unajua siri, utasaidia. Tunahitaji mtu wa kupitisha tafsiri ya Kiingereza ukutani, ili majirani wafuatilie."

Mogaka alirudi nyumbani akakaa gerejini bila kofia. Alikumbuka watu watatu ambao sheria ile iliwavua vyeo kwa miaka yote. Mmoja wao, mama aliyekuwa akiongoza watoto, alikuwa amesema kwamba chupa ilikuwa ya mgeni wake. Mogaka hakumwacha amalize sentensi.

Kulikuwa na taabu nyingine kwenye mazoezi. Jackie alikuwa ameandika kipande cha Ku Klux Klan, na hakupata wa kukiigiza. Gaudence alisema waziwazi, "Dada, mimi mweusi wa Kagera nijivike shuka nijitishe mwenyewe? Mama akiona hiyo picha atapanda ndege." Mwishowe Lydiah alileta mashuka meupe kutoka nyumbani, wakafunga kamba toka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, wakayaanika. Basi. Hakuna mtu ndani yake.

Siku ya sherehe kanisa lilijaa. Wazee wa kizungu walikaa mstari wa mbele wakiwa na sahani za sambusa, kati yao bibi mmoja wa miaka tisini na kitu aliyevaa shanga za lulu, na ambaye jina la babu yake lilikuwa kwenye lile jiwe la ukutani. Chebet alikaa nyuma na kompyuta, akiwa makini kama rubani.

Mogaka alipotokea na kofia yake na chupa zake, lilipita kwanza wimbi la kushangaa, kisha kicheko kilichotikisa madirisha. Kumbe! Kumbe ni hiyo! Watu walipigana mabega. Alipomwambia Gaudence, "Mkeo akikuuliza?" kanisa zima lilijibu, "Nilikuwa kanisani!" kwa maana hakuna ambaye hakuwa ameitazama ile video.

Kisha akaja Edson na Biblia. Mahubiri yake dhidi ya pombe yalikuwa mazuri kiasi kwamba rafiki zake wawili waliokuwa na kikasha cha bia na barafu kwenye gari walitazamana. Akaendelea, kama Jackie alivyoandika, na pazia la nyuma likafunguliwa, yale mashuka yakaonekana kwenye kamba, yakitikisika kwa upepo wa feni.

"Na ni akina nani wanaotuletea uchafu huu?" alinguruma Edson. "Ni wageni! Wanakuja na dini zao, na vyakula vyao vinavyonuka, na lugha zao ambazo hakuna Mkristo anayezielewa! Wanazaa kama sungura! Fungeni mlango, ndugu zangu! Fungeni mlango kabla hawajatumaliza!"

Watu wachache walicheka mwanzoni, kwa mazoea, kwa kuwa ni Edson. Kisha hawakucheka. Edson mwenyewe alisimama na mkono juu, akatazama nyuso za watu wake, na maneno yaliyofuata aliyasema kwa sauti ya kawaida. Ukutani tafsiri ilisimama, herufi kubwa nyeupe. Bibi wa lulu aliisoma yote. Aliweka sahani yake chini.

Ndipo ikaja zamu ya Mogaka na Lydiah. Muuza magendo anarudi nyumbani baada ya kazi, anamkuta mkewe amekata nywele kama wasichana wa mjini, na yeye mvunja sheria anapandwa na hasira juu ya heshima ya nyumba yake. Anamfukuza. Kwenye mazoezi Lydiah alikuwa akitumia wigi fupi.

"Vua hicho kitambaa nikuone," alisema Mogaka kama ilivyoandikwa.

Lydiah alivua kitambaa. Hapakuwa na wigi. Nywele zake, zile ndefu ambazo Mogaka alikuwa amezizoea tangu Kisii, zilizosukwa na kufumuliwa na kusukwa tena miaka yote, hazikuwepo. Kilichobaki kilikuwa kifupi kama nyasi iliyotoka kukatwa. Shingo yake ilionekana ndefu. Mogaka alisahau kila neno.

"Lydiah," alisema, na hilo halikuwa jina la mke wa muuza magendo. "Umekata lini?"

"Leo asubuhi."

"Hukuniuliza."

"Ni kichwa changu, Mogaka. Kila Jumamosi nakaa kwa kiti nasukwa mpaka mgongo unakufa, halafu naenda kusimama zamu mchana kutwa. Nimechoka. Nilitaka kuona kitakuwaje bila."

Watu walishangilia. Waliona ni uigizaji wa hali ya juu. Nyuma ya pazia Jackie, ambaye alijua kabisa kwamba si uigizaji, alinong'ona kwa nguvu, "Dad! Mfukuze!"

Mogaka hakusikia, au alisikia. Alisogea, akainua mkono, akamgusa mkewe utosini kwa vidole viwili, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama bado ina moto.

"Inakupendeza," alisema.

Nyuma kabisa, Chebet alikuwa ameambiwa asiruke mstari hata mmoja, naye hakuruka. Ukutani, juu ya mzee huyu aliyekuwa akimpapasa mkewe kichwa, pakatokea kwa Kiingereza maneno makubwa: "Toka nyumbani kwangu, mwanamke usiye na haya!" Wazee wa kizungu walitazama ukuta, wakatazama jukwaa, wakatazama tena ukuta. Mmoja alimwuliza jirani yake kama Kiswahili ndivyo kilivyo.

"Kwa hiyo hunifukuzi?" aliuliza Lydiah.

"Niende wapi kutafuta mwingine, na gari ni la kwako?"

Ukuta ukasema: "Sitaki kukuona tena!"

Ikabidi Edson aingie. Kwenye igizo mhubiri alikuja kuubariki ugomvi, lakini ugomvi haukuwepo. Alisimama na Biblia yake akawatazama wawili wale, akatafuta la kusema, akakosa, na mwishowe akamgeukia Mogaka.

"Basi nipe na mimi hiyo chupa," alisema.

Akanywa chai ya rangi mbele ya kanisa zima, akakohoa kwa sababu ya tangawizi, na pazia likafungwa kwa makofi.

Baada ya igizo bibi wa lulu alimtafuta Jackie. Alimshika mkono kwa muda mrefu. Alisema kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuwasimulia kipande cha mashuka, lakini utotoni aliyaona yakiwa yamekunjwa ndani ya sanduku la babu yake, na siku zote alijua asiulize. Jackie alimletea bibi kiti, wakakaa pamoja.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana. Mogaka aliomba aseme wa kwanza. Alisema yuko tayari kukaa nje kwa nusu mwaka, kwa kuwa sheria ni yake na ameonekana. Ila aliomba maneno "bila kujieleza" yafutwe, na yule mama aliyekuwa akiongoza watoto aitwe arudi, na yeye mwenyewe ndiye aende kumwomba msamaha. Mchungaji Modestus hakuvua miwani. Waliyafuta maneno yale palepale, kisha wakamwambia Mogaka ajieleze, akajieleza, wakamsamehe. Wanjohi naye alijieleza. Yeye alichukua muda mrefu zaidi. Walimwachia hazina, lakini kwa makubaliano kwamba Pasaka ijayo Yuda awe mtu mwingine.

Mambo hayakutulia. Chebet alikuja kwa Lydiah na kuku wa kuomba radhi, akakaa, akakitazama kile kichwa, akauliza kinyozi ni nani. Kabla baridi haijaanza, wanawake watano wa kwaya walikuwa wamekata nywele, na mke wa Edson alikuwa wa sita. Jumamosi moja waume zao walijaa sebuleni kwa Mogaka, wamenuna. Walitaka yeye, kama mzee wa kanisa na mtu asiyeyumba, aandike sheria ya nywele.

Mogaka aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akageukia jikoni.

"Mama Jackie!" aliita. "Wageni wako wamefika."